Kibali cha Cornelia

Katika kijiji chao cha ujamaa, upande wa Msanzi, hakuna aliyemshinda Cornelia kwa kupika pombe ya ulezi wala kwa kumchukia Mwenyekiti Flavian. Pombe alifundishwa na mama yake. Chuki aliitengeneza mwenyewe, tena kwa malighafi ya kutosha.

Flavian alikuwa amejitungia amri kwamba mwanamke asitoke kijijini bila kibali chenye mhuri. Wanaume walitoka wapendavyo, eti kwa shughuli za maendeleo, hata wale waliorudi wamebebwa. Mwaka uliopita Dominika, binti pekee wa Cornelia, aliyekuwa mjane, alishikwa na uchungu wa mimba ya kwanza huko Kasense alikoolewa. Cornelia alikaa siku mbili kwenye benchi la ofisi, maana mwenyekiti alikuwa amekwenda harusini na mhuri mfukoni. Alipofika Kasense mtoto alikuwa ameshazikwa. Jambo hilo lilimuuma kuliko kifo cha mumewe, na hakuona haya kulisema.

Sasa, mwaka wa sabini na tano, Dominika alikuwa na mimba ya miezi tisa. Cornelia akaenda kuomba kibali.

"Kuna kazi ya matuta," alisema Flavian. "Kwani anayezaa ni wewe?"

Juma hilohilo akafika Bi Atusaye, katibu wa umoja wa wanawake kutoka Sumbawanga. Aliwaeleza akina mama kwamba huu ni mwaka wa wanawake duniani, na kwamba wanapeleka tamko Umoja wa Mataifa kuwalaani Makaburu wa Afrika Kusini. Huko mwanamke mweusi hatembei bila pasi, yaani kibali cha serikali. Akikutwa hana, anafungwa, hata kama anakwenda kumwona mwanawe.

Akina mama walitazamana.

"Na mwenye mhuri akiwa hayupo?" aliuliza Cornelia.

"Wanasubiri, mama."

"Kwenye benchi?"

Bi Atusaye hakuelewa kwa nini wanawake wote walicheka. Flavian ndiye aliyepiga makofi kuliko wote. Akasimama, akauita mtindo huo unyama mtupu, akalipiga tamko mhuri wake chini ya alama ya dole gumba ya kila mama. Bi Atusaye, aliyekuwa na vijiji vingine vya kupitia, akaomba achaguliwe mmoja wa kulifikisha ofisini kwake Ijumaa. Vidole vyote vikamwelekea Cornelia, na mbele ya mgeni Flavian hakuwa na la kufanya zaidi ya kutabasamu.

Gari la mgeni lilipoondoka, aliandika kibali na kukisoma kwa sauti, kwa kuwa aliupenda mwandiko wake: "Mama Cornelia anaruhusiwa kwenda Sumbawanga siku mbili tu, kupinga wanawake kulazimishwa kutembea na vibali." Hakuona kasoro yoyote.

Ijumaa Cornelia aliweka karatasi mbili mezani kwa Bi Atusaye.

"Na hii ya pili ni ya nini, mama?"

"Mfano. Wazungu wa huko wasije wakadhani tunasimulia tu."

Bi Atusaye alisoma, akarudia, akaziba mdomo kwa mkono. Kisha akazibana karatasi zote mbili kwa pini moja.

"Sasa utarudije kwenu?"

"Ndiyo hivyo tena, mwanangu. Sina kibali."

Akashika njia ya Kasense. Jumapili Dominika alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye kelele. Bibi yake ndiye aliyempokea, akalia machozi ya mwaka mzima bila kujificha.

Siku ya tatu Flavian alituma salamu kwa dereva wa lori: Cornelia arudi upesi, matuta yanamngoja.

"Mwambie kibali changu kimekwenda Umoja wa Mataifa," alijibu Cornelia. "Wakikirudisha, nitakuja."

Mtoto alikuwa ameshaota meno mawili siku Flavian alipokuja Kasense mwenyewe, kofia mkononi. Ofisi ya mkoa ilikuwa imemwita kumuuliza kuhusu ile karatasi, tena zaidi ya mara moja. Alimwamkia Cornelia kwa adabu ambayo hakuwahi kuionyesha kijijini, akamwomba arudi, na ili kumrahisishia akamletea kibali kipya, kimeshapigwa mhuri.

Cornelia alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akampa mjukuu wake. Mtoto akakitafuna.