Esi Tatu Chini ya Makuti

Mwezi uliopita kijana mmoja alipiga hodi kwangu hapa Tongoni, akaniamkia shikamoo, na kabla sijamkaribisha macho yake yalikuwa yameshanipita. Alikuwa anatazama banda la makuti kando ya kisima, mahali ambapo turubai lilikuwa limefunuka kidogo kwa upepo na bampa moja ya nikeli ikawa inachungulia.

"Dada," akasema, "ile ni Datsun? Ile yenye esi tatu?"

Kama ulikulia njia hii ya Pangani, wewe huhitaji kuelezwa. Utakuwa unalikumbuka gari la baba yetu, rangi ya chungwa bivu, herufi tatu za esi mbele kwenye wavu. Sisi watoto hatukujua zina maana gani, na baba alikuwa akitupa jibu jipya kila tukimuuliza. Siku akiwa na furaha alisema maana yake ni "sogea, sogea, sogea."

Baba alikuwa fundi wa magari mjini Tanga. Gari hilo lilikuwa la mzee mmoja Mwarabu wa Pangani, mfanyabiashara wa mbata, aliyemnunulia mwanawe. Mwana akahamia Muscat, gari likafa, kuku wakaanza kutagia ndani. Mzee alimuuzia baba akidhani anauza vyuma. Baba alilivuta hadi nyumbani kwa lori la mkonge, akakaa nalo msimu mzima wa mvua, jioni baada ya jioni, mpaka siku moja likaunguruma na mama akaachia mchi.

Halikuwa gari la ajabu, nataka unielewe. Yalikuwapo mengi. Wenye maduka walikuwa nayo, mabwana shamba walikuwa nayo, na magari ya mashindano yaliyokuwa yakipita kwenye mashamba ya mkonge, vumbi jekundu likipanda mpaka juu ya nguzo za simu, mengi yalikuwa ndugu zake. Hili lilikuwa na kabureta mbili, na baba aliziweka sawa kwa sikio, ameinamisha kichwa kama anayesikiliza mtoto anapumua. Likiwa limekaa vizuri, sauti yake ilikuwa nene chini na nyembamba juu. Hakuna gari jingine la njia hii lililolia hivyo.

Mama hakuwa mtu wa magari, lakini alipika kwa kufuata sauti ya gari hilo. Samaki wa nazi unamjua: tui jepesi linatangulia, samaki anaiva humo na ndimu na pilipili, halafu tui zito linaingia mwisho, unakoroga, unaepua. Likichemka sana linakatika, na mama hakuwahi kumpa baba mchuzi uliokatika. Kwa hiyo bakuli la tui zito lilingoja pembeni. Baba akifika kona ya misufi, alikuwa akipunguza gia, gari linaguna, linashika gia ya pili, linapanda. Hapo mama anamimina. Baba akizima gari uani, sufuria liko chini, harufu imefika barabarani. Sisi tulikuwa tumeshanawa mikono.

Siku za harusi gari lilikodiwa na mtaa mzima kwa dua na sahani ya pilau. Hapakuwa na bibi harusi wa hapa kwetu aliyekubali kubebwa na gari jingine. Lilifungwa kanga na maua ya asumini, tarumbeta mbele, akina mama nyuma wakipiga vigelegele, nalo linajikokota kama limebeba mayai. Baba aliteseka. Alikuwa akisema kumtembeza huyu polepole ni kumtia homa. Bibi harusi akishateremka, baba alitupakia sisi watoto nyuma na maua yakiwa bado yananing'inia, akalipeleka barabara ya mkonge iliyonyooka "kulikohoza." Mimi nilikaa dirishani. Mistari ya mkonge ilikuwa ikifunguka na kujifunga kama vitana. Sijawahi tena kuona kitu kinakwenda kwa furaha kiasi kile.

Wazazi wetu waliondoka mwaka mmoja, baba kwanza, mama akamfuata kabla hatujamaliza kumlilia. Nilikuwa kidato cha pili. Nikabaki na wadogo zangu watatu, wa mwisho akiwa bado mgongoni. Sikurudi shule. Nilijifunza kukaanga vitumbua alfajiri na kushona mchana, na sisemi hili ili unionee huruma, maana watoto walikua na walisoma.

Gari lilibaki bandani. Baba alipokuwa amelala kitandani alinipa neno moja juu yake: "Msiliache likalala mpaka likasahau." Basi kila Ijumaa, wanaume wakitoka msikitini, sisi tuliliosha kwa maji ya kisima kuondoa chumvi ya bahari. Kisha mimi nilishika spana kubwa, nikaizungusha injini kwa mkono taratibu kama baba alivyonionyesha, mdogo wangu wa pili akitia matone ya oili kwenye matundu ya plagi. Mwishowe tulipaka mafuta ya nazi. Mama alitupaka sisi mafuta ya nazi kwa sababu ya upepo wa bahari, nasi hatukuona sababu gari libaguliwe. Tulipaka bampa, tukapaka milango, tukapaka viti. Ijumaa moja wadogo zangu waliinua boneti wakapaka na nyaya zote mpaka zikang'aa.

Panya walifika kabla ya Jumatatu.

Bibi jirani, ambaye ndiye aliyetufunza kupika na kuzika, alikuja kutazama, akashika kiuno. "Mmewapikia panya wali wa nazi," akasema. "Sasa mbona hamkuwatilia na samaki?" Tulicheka mpaka mdogo wetu akaamka. Lakini nyaya zilikuwa zimekwisha, na gari halikulia tena. Kuliosha na kulizungusha hatukuacha, miaka yote hiyo. Watu walizoea kunitania kwamba nina mume wa bati.

Sasa kijana huyu wa Dar es Salaam amekaa kwenye mkeka wangu, anakunywa chai ya tangawizi, ananiambia anatafuta magari ya namna hii. Anayatengeneza, anayatunza, na wapo wenzake wengi. Akatoa bei. Ilikuwa ya kuezeka nyumba upya na kubaki.

Niliwaita wadogo zangu. Wawili wa kwanza walisema, "Dada, wewe ndiye uliyelishika, neno ni lako." Wa mwisho, yule wa mgongoni, sasa ana watoto wake na kazi bandarini, yeye ndiye aliyesema wazi.

"Liuze, dada. Bati la jikoni linavuja juu ya kichwa chako. Hili si kaburi la baba. Limetoka kiwandani kama biskuti, maelfu kwa maelfu. Nani anaweka biskuti kabatini?"

Kijana akaweka kikombe chini. "Kaka, ndiyo hivyo hivyo. Kwa kuwa yalikuwa maelfu, hakuna aliyeona haja ya kuweka moja. Likifa, lilikatwakatwa likasaidia jingine. Mimi nimezunguka tangu Arusha, nimeona milango, nimeona viti kwenye vibanda vya kunyolea. Zima sijaliona. Na bampa hii, dada, hii mliipaka nini?"

"Mafuta ya nazi," nikasema.

Bibi jirani, ambaye siku hizi hutoka nje kwa mkongojo, akadakia kutoka barazani kwake: "Muulize na panya."

Kijana aliomba aliwashe kwanza, tujue tunachouziana. Alirudi Jumamosi na betri, nyaya, matairi na petroli, akafungua zile kabureta mbili akazisafisha juu ya kanga yangu kuukuu. Mdogo wangu wa mwisho alikaa naye, akimpa spana huku akinung'unika kwamba mchezo huu ni wa watu walioshiba. Mimi niliingia jikoni, kwa kuwa wageni ni wageni, na samaki changu alikuwa mzuri sokoni asubuhi ile.

Lilikohoa mara nyingi. Kisha likashika. Ile sauti, nene chini, nyembamba juu. Bibi jirani alisimama barazani bila mkongojo, akasema kwa utulivu, kama anayetoa habari za kawaida, "Baba yenu huyo." Mdogo wangu alikuwa ameganda na spana mkononi. Huyu hakuwahi kuisikia tangu apate akili. Sisi wengine tulikuwa tukimwigizia kwa midomo alipokuwa mdogo, na nilimwona uso ukibadilika alipojua kwamba hatukumdanganya.

Kijana akamwambia, "Ingia, kaka." Wakaondoka kwenda kulikohoza.

Nilirudi jikoni. Samaki alikuwa ameiva kwenye tui jepesi, bakuli la tui zito liko pembeni, nami nikawa nawaza bati, nawaza bei, nawaza kwamba mdogo wangu hakukosea na kwamba kijana yule atalitunza gari kuliko ninavyoweza mimi. Nilikuwa nimeshakubali, nakuambia ukweli. Nilikuwa natafuta maneno tu.

Ndipo likafika kona. Misufi ilikatwa zamani na barabara sasa ni ya lami, lakini mlima ni ule ule. Likaguna, likashika gia ya pili, likaanza kupanda, na mkono wangu ukachukua bakuli ukamimina. Sikuuamuru. Nilipogundua nilikuwa nakoroga.

Waliingia, nikawawekea sinia. Mdogo wangu alifinya tonge la wali, akachovya mchuzi, akala bila kunitazama. Baadaye akasema, "Dada, bati nitaezeka mimi."

Kijana alitutazama mmoja mmoja, akacheka kidogo, akaendelea kula. Alisema atatutafutia mpira wa breki, na kwamba tukiendelea na nazi, tuiache nje ya boneti.

Watu huniuliza siku hizi kama magari haya ya kawaida yatakuja kuwa tunu. Labda kijana anajua. Mimi najua kwamba misufi haipo, barabara ya mkonge imegeuka viwanja, tarumbeta za harusi zimekuwa spika, na mama hayupo kusikiliza. Vyote hivyo vilikuwa vingi, na hakuna aliyeviwekea banda. Ijumaa ijayo tutaosha chumvi. Mdogo wangu amesema atakuja na wanawe, na spana kubwa atashika yeye.