Kipimo Kipya cha Wifi

Fundi wetu tunamwita Mama Futi, kwa sababu futi yake ya kupimia haitoki shingoni. Hata kanisani amewahi kwenda nayo. Mimi kwake ni mtu wa vifungo na pindo, mwaka wa kumi na moja sasa, kwa hiyo nasema niliyoyaona.

Ni mwanamke wa sala. Lakini kwa miaka sita, tukisali Baba Yetu, tukifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, alikuwa ananyamaza. Sisi tunaendelea, yeye anajiunga mbele. Meza ya Bwana pia haendi. "Siwezi kumdanganya Mungu mbele ya watu," aliniambia.

Aliyemkosea ni wifi yake, dada wa mumewe. Mama Futi alimuuguza mama mkwe miaka miwili, anamgeuza kitandani, anamlisha kwa kijiko. Mama alipofariki, wifi akasimama msibani akasema, "Mama yetu amekufa kwa njaa mikononi mwa huyu." Tangu hapo hata salamu hakuna.

Basi akina mama wa kanisa tukaamua kushona sare. Wote tukapimwa, ila wifi, ambaye kanisani hajaonekana siku nyingi, alituma kitambaa tu. Mama Futi akafungua daftari la vipimo, akapata ukurasa wa zamani.

"Huyu namjua. Kifua arobaini na nne. Sina haja ya kumwona."

Akakata, akashona, wala hakumharibia. Kazi yake ni safi.

Siku ya tatu baada ya kumpelekea gauni, mlango ukagongwa. Wifi huyo, kavaa lile gauni. Nikashika mdomo. Mabega ya gauni yalikuwa yamemshukia karibu na viwiko.

"Fundi," akasema, hakuthubutu kusema wifi, "humu tunaingia wawili."

Nikataka kucheka, nikaona hakuna wa kucheka naye.

"Umekuwaje?" Mama Futi akauliza.

"Naumwa, mwaka wa pili huu. Binti yangu ananilisha. Kijiko kikija nafunga mdomo, chakula hakipiti, mtoto wa watu analia. Ndipo nikajua mama naye alikuwa anakataa." Akameza mate. "Nilikusingizia mbele ya watu, wifi yangu. Na mbele ya watu nitasema."

Mama Futi akaliangalia daftari, akamwangalia yule mtu.

"Nyanyua mikono."

Kupima kifua, fundi hupitisha futi mgongoni, lazima amzungushie mtu mikono. Akamzungushia. Futi ikaanguka sakafuni, mikono haikutoka.

"Unanibana, wewe."

"Nyamaza, napima."

"Bila futi?"

"Nimesema nyamaza!" Na wote wawili machozi yanawatiririka.

Mimi nimeishia darasa la saba, maneno makubwa sina. Ila chumba kile, na vipande vyake vya vitambaa chini, nilikiogopa. Nikajikuta navua viatu polepole, kama nimeambiwa.

Ukurasa wa zamani aliuchana. Akaandika upya: kifua thelathini na tatu.

Jumapili wifi alisimama mbele ya kanisa, akasema kama alivyoahidi. Kisha tukasali. Tulipofika pale, mimi sikusali, nilitega sikio. Sauti ya Mama Futi ikatoka, imekwaruza, imechelewa neno moja nyuma yetu. Lakini ilitoka. Na wakati wa Meza ya Bwana nilisogeza magoti, apate njia ya kupita.