Flashi Iliyofungwa kwa Kamba ya Kiatu

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu, mwanangu, simu iliponikuta nakata majani ya ng'ombe nyuma ya nyumba, huku kwetu mtaa wa Ramadhani, Njombe. Alikuwa Sista Upendo, muuguzi wa kituo cha afya ambacho kompyuta zake nilikuwa nazihudumia. Alisema yuko stendi ya Makambako na begi la kompyuta halipo. Aliliacha kwenye kiti cha basi akashuka kununua viazi vya kuchemsha, akarudi akakuta kiti kitupu. Hakuwa analia. Aliniuliza jambo moja tu, kwa sauti ya mtu anayejua jibu analotaka kusikia.

"Fundi, si ulisema ile kompyuta hata ikiibiwa haisomeki?"

Nilisema hivyo, ndiyo. Nilisema mbele ya mganga mfawidhi na wauguzi wote, nimesimama kama mhubiri.

Kabla sijaendelea, nikwambie kwa nini nakuandikia. Juzi umeniletea karatasi zako za kujiandaa na mtihani wa cheti cha usalama wa mitandao. Kwenye sehemu ya kusimba diski za kompyuta za watumiaji umepaka majibu rangi ya njano na kuandika pembeni, "Hapa rahisi, nakariri tu." Nimeyasoma maneno hayo mara tatu, na kila mara nimelazimika kuvua miwani na kuiweka mezani. Wewe ni wa nne mwaka huu kuniletea karatasi za namna hiyo. Wote mna rangi ya njano. Sijui nani anawauzia.

Basi sikiliza. Kusimba diski ni kuyageuza yote yaliyomo yasisomeke bila ufunguo. Neno la siri la kuingilia peke yake halitoshi, maana mwizi anaweza kuichomoa diski, akaichomeka kwenye kompyuta yake na kusoma atakavyo, kama mtu anayeukwepa mlango akapita dirishani. Diski iliyosimbwa haina dirisha. Kitabu chako kinasema kompyuta iwe na chipu ya kutunza ufunguo. Isipokuwa nayo, ufunguo wa kuwashia ukae kwenye flashi. Swali likija hivyo, unajibu "flashi", unapata alama yako. Nami nilijibu hivyo hivyo. Lakini hakuna swali linalouliza hiyo flashi inalala wapi.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, nimejifunza mwenyewe kwa vitabu vya kuazima, na nilijiona nimefika. Kituo kile, mjini Njombe, kilikuwa na kliniki ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na kompyuta moja ya kubebeka ilitunza majina ya wanaozitumia, vijiji vyao, na tarehe zao za kurudi. Sista Upendo alisafiri nayo hadi vijiji vya upande wa Makambako. Ilikuwa kuukuu, haina chipu. Nikaisimba, nikaweka ufunguo kwenye flashi, nikatia alama ya vema kwenye kila mstari wa orodha yangu. Orodha ile ninayo hadi leo. Ni nadhifu kuliko yako.

Wiki haikuisha, malalamiko yakaanza. Sista aliisahau flashi nyumbani, mara kwenye koti, mara kwenye kikapu cha mboga. Aliniambia flashi yangu imekuwa kama meno ya bandia ya babu yake, kila kukicha nyumba nzima inayatafuta. Wenzake wakacheka, nami nikaona aibu. Nikafanya kama tunavyofanya kwetu. Unajua kalamu ya ofisi ya kijiji inavyofungwa uzi kwenye daftari la wageni. Unajua kifuniko cha kibuyu kinavyofungwa kwenye kibuyu. Kwetu kidogo kisichotakiwa kupotea hufungwa kwenye kikubwa. Nilichomoa kamba ya kiatu changu cha zamani, nikaifunga flashi kwenye mkono wa begi, mafundo mawili. Sista akanishukuru. Nikaenda nyumbani nikiwa nimeridhika, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Kwa hiyo asubuhi ile aliponiuliza kwa simu, nilichokiona ni ile kamba ya kiatu. Aliyechukua kufuli alichukua na ufunguo wake, umening'inia.

Mganga mfawidhi aliamua kwamba wenye majina yaliyomo waambiwe, na kwamba niende pamoja na Sista, nikaone kwa macho yangu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Siku ile alitaka niubebe mwenyewe. Tulikwenda nyumba nyingi. Nitakusimulia moja tu, na mwenye nyumba nitamwita Mama Tumaini, kwa kuwa jina lake la kweli nimeshalimwaga mara moja.

Alikuwa mjane wa Mahongole, pale pale Makambako. Kwa miaka alipanda gari hadi Njombe kuchukua dawa ili jirani asimwone kwenye foleni. Na begi lenye siri yake, katika miji yote, lilipotelea mjini kwake. Alitupokea mlangoni, akatupa kamwene, salamu ya kwetu, akatuwekea viti. Sista alieleza. Mimi nikaongeza habari za chipu na flashi, kwa kirefu, kama vile maelezo ni fidia. Mama Tumaini alinisikiliza hadi mwisho, mikono ina udongo wa viazi.

Kisha akauliza, "Mama yako akienda shamba, ufunguo wa nyumba anauacha wapi?"

Nikamwambia, kwa jirani.

"Kwa nini asiuning'inize kwenye kufuli, asihangaike?"

Nikasema mwizi angeuona. Sista naye alikuwa anatazama miguu yake.

"Basi ulikuwa unajua," alisema. "Ulijua tangu kwenu, kabla ya hivyo vitabu." Alijifuta mikono kwa kitenge, taratibu. "Shamba hili ni la ukoo wa marehemu. Wakwe zangu wananiangalia. Siku ya kuwaambia ilikuwa yangu, mwanangu, nilikuwa naitafuta mwenyewe. Sasa umenichagulia wewe."

Hakuniinulia sauti. Ningepona upesi kama angenipigia kelele.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, alikwenda kwa mama mkwe wake akasema mwenyewe, kabla hajasemewa. Mama mkwe alimpokea, hilo niliambiwa. Lakini shemeji yake hakumpokea, na kufikia msimu wa kupanda, kipande cha bondeni, kile chenye maji, kilikuwa kinalimwa na mtu mwingine.

Begi lilirudi siku ya tisa. Mtu aliyelichukua alidhani lina nguo, ndivyo alivyodai. Aliliacha kwa wakala wa mabasi na kutoweka. Kompyuta ilikuwamo, flashi inaning'inia, mafundo yangu mawili kama nilivyoyafunga. Nilikagua kumbukumbu za kuwashwa kwake na sikuona kitu. Lakini mwenye diski na ufunguo anaweza kuisoma kwenye mashine nyingine asiache hata alama ya kidole. Nilirudi Mahongole nikiwa na jibu hilo. Mama Tumaini alitaka kujua kama yalisomwa au hayakusomwa. Nikamwambia sijui.

Ndivyo ilivyo hadi leo. Huenda hakuna aliyesoma hata herufi moja. Huenda alikwenda kwa wakwe zake na kupoteza bonde lake kwa siri ambayo haikutoka. Kama flashi ingekuwa mfukoni mwa Sista, ningesimama mbele ya yule mama na kumjibu kwa neno moja: haiwezekani. Neno hilo ndilo tunalolinunua kwa kazi yote ya kusimba, mwanangu, na mimi niliuza neno hilo kwa kamba ya kiatu ili nisichekwe.

Sasa unaelewa kwa nini rangi ya njano inanichosha. Orodha ya kitabu chako haina kosa. Ijue yote: chipu au flashi, kipande kidogo cha diski kinachobaki wazi ili mashine iwake, ufunguo wa dharura unaotunzwa nje ya mashine. Lakini kila mstari ukiusoma, jiulize hicho kitu kitakaa wapi saa mbili asubuhi, mikononi mwa mtu mwenye haraka, njaa na mizigo. Ukiona sharti linawaudhi watu, usilipunguze kimyakimya ili wakupende. Kaa nao hadi mpate njia wanayoiweza. Sista Upendo, baada ya hapo, aliivaa flashi shingoni chini ya gauni, pamoja na msalaba wake, na hakuisahau tena. Njia hiyo ingenigharimu nusu saa tu ya kuzungumza naye mapema. Na ufunguo wa dharura mpe jirani, yaani uuweke ofisini, ndani ya bahasha, kwenye kabati la mtu mwingine, mbali na mlango unaoufungua. Hilo ulilijua kabla hujajua kusoma.

Futa yale maneno ya pembeni. Halafu uniletee karatasi zako tena Jumamosi, nami nitakuuliza maswali ambayo hayamo.

Mungu akujalie mtihani wako, na akujalie zaidi ya mtihani. Akupe mkono mwaminifu kwa majina ya watu usiowajua. Na siku mtu atakapokuuliza kama siri yake imebaki salama, akupe jibu, usimwambie kama nilivyosema mimi kule Mahongole.