Mtoto wa Kadi ya Unga

Mama Mianda ana miaka sabini na miwili, na kwa miaka yote tuliyoishi ukuta kwa ukuta hapa mtaani Kapata sijamwona akiiomba serikali kitu. Ni mjane wa Ngeleka, aliyeichimbia kampuni shaba mpaka kifua kikamshinda. Watoto watano aliwakuza kwa kuuza mihogo sokoni. Hakumfuata mtu. Serikali ndiyo iliyomfuata.

Mwezi wa tano polisi walifanya msako kwenye mashimo ya wachimbaji nje ya Kolwezi, wakamzoa Tharcisse, mtoto wake wa tatu. Kadi yake ya mpiga kura, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, ilikuwa imefutika wino: sura haionekani, jina halisomeki. Kadi hizo zinamfutikia kila mtu, hata yangu, lakini eti ya Tharcisse ilionyesha kwamba ni mgeni aliyevuka kutoka Angola. Wakamfungia mahabusu. Katiba inasema saa arobaini na nane, kisha ufikishwe mbele ya jaji au uachiliwe. Yeye alikaa siku kumi na moja. Kila siku mama alipeleka bukari, ugali wetu, mlangoni, na kila siku aliambiwa alete uthibitisho kwamba mwanawe ni Mkongo, la sivyo atasukumwa ng'ambo ya mpaka, kwenye nchi ambayo hajawahi kutia mguu.

Cheti cha kuzaliwa hakikuwapo. Kilichokuwapo ni kadi ya unga. Enzi zile kampuni iligawa unga wa mahindi kwa kuhesabu watoto, na karani aliandika kila mtoto na tarehe yake. Wivine, wakili kijana aliyejitolea kumtetea Tharcisse bure, aliipokea kadi ile kwa furaha, akaipeleka mahakamani bila kuisoma vizuri.

Jaji aliisoma.

“Mama, hapa binti yako Jocelyne amezaliwa mwezi wa tatu, sabini na tisa. Tharcisse, mwezi wa saba, mwaka uleule. Ulifanya namna gani?”

Watu wakacheka. Mimi, niliyemsindikiza mama, nilitamani kuwapiga. Siku zote tuliambiwa Jocelyne amemtangulia kwa mwaka mzima, na kadi ilikaa ndani ya kikasha cha bati bila mtu kuangalia tarehe. Hata karani wa kampuni alihesabu midomo tu.

Mama Mianda alimtazama Tharcisse, aliyesimama katikati ya polisi wawili.

“Tata juje, ule mutoto mi sikumuzala. Ni wa mudogo wangu Agnès, alikufaka kule Kisenge siku ya kumuzala. Baba yake simujue. Bwana yangu alimuandikisha ku kadi juu tupate bunga. Lakini Agnès ni wa baba yangu na mama yangu, Bakongo bote. Na ule na Jocelyne, nilibanyonyesha bote babili.”

Tharcisse aliinamisha kichwa. Mtu wa miaka arobaini na sita, mwenye watoto wanne, anaambiwa hayo mbele ya polisi!

Jaji akaandika weee, kisha akasoma uamuzi. Mtuhumiwa amezuiliwa kupita muda wa katiba, aachiliwe papo hapo. Suala la uraia halimo mbele ya mahakama hii.

“Sasa juu ya nini muliniuliza?” Mama Mianda akapaza sauti. “Kama masaa tu ilitosha, juu ya nini mulinitosha yale maneno yote mu kinywa?”

Jaji alikuwa ameshafungua faili lingine. Wivine aliangalia viatu vyake. Saa zenyewe zilikwisha tangu siku ya pili, na yeyote mwenye kalenda ukutani angeweza kumfungulia mlango.

Nje, mama hakuinua macho. Tharcisse alikuwa na kadi mkononi, anaisoma polepole.

“Mama, juu ya jina yangu balikuwa banakupatia kilo ngapi ya bunga?”

“Kumi na mbili, kila mwezi.”

“Na nani alikuwa anazikula?”

“Wewe!” akafoka, machozi yakimtoka. “Wewe njo ulikuwa unazimaliza, na za Jocelyne juu yake!”

Tharcisse akaikunja kadi, akamrudishia.

“Basi tuende ku nyumba, mama. Njala inaniuma.”