Rubani aliyerudi nyumbani kujifunza kukaa na mwenzake

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, viti viwili vya plastiki vimepangwa bega kwa bega sebuleni, vikitazama ukuta. Ukutani imebandikwa karatasi kubwa yenye picha ya saa, vitufe na swichi zisizohesabika. Hiyo ndiyo ndege.

Kiti cha kulia amekaa mwanamke wa miaka thelathini na minane, miguu peku, nywele bado hazijachanwa. Cha kushoto amekaa baba yake, miaka sabini na minne, miwani imefungwa kamba shingoni na mwiko wa jikoni mkononi.

"Tumeacha ardhi, tunapanda," anasoma mzee kwenye daftari.

"Magurudumu juu," anajibu binti, na papo hapo mkono wake unakwenda ukutani kuyapandisha mwenyewe.

Pwaa! Mwiko unatua juu ya vidole.

"Kazi ya nani hiyo?"

"Yako, baba."

"Basi niachie kazi yangu!"

Wanaanza upya. Ni mara ya sita asubuhi hii na chai imeshapoa mezani. Keshokutwa, Alhamisi, binti huyu ana mtihani wa kuomba kazi katika shirika la ndege la nyumbani. Ni mara yake ya pili, na hakuna ya tatu.

Majirani wanamwita Kapteni. Kwa miaka tisa alikuwa ng'ambo akirusha ndege ndogo ya injini moja, akipeleka barua, dawa na vipuri kwenye visiwa vyenye viwanja vifupi. Ana saa elfu nne na mia sita angani, na karibu zote alikuwa peke yake.

"Napakia mwenyewe, napima mafuta mwenyewe, redioni naongea mwenyewe," anasema. "Nikikosea najilaumu, nikipatia najipongeza. Hata utani nilikuwa najitania mwenyewe, jamani."

Anacheka, kisha kicheko kinakatika. Miaka miwili iliyopita mama yake alifariki. Dhoruba ilikuwa imemfungia kisiwani siku ya nne, hakuna kuruka wala kutua. Mazishi aliyaona kwenye simu ya kaka yake.

"Niliona jeneza linashushwa, halafu mtandao ukakwama. Kikabaki kile kiduara kinazunguka tu. Nilikitazama mpaka simu ikazima. Nikasema, wallahi, baba yangu sitamzika kwa simu."

Akafunga virago. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, lakini yeye alitunzwa makaratasi. Leseni ya ng'ambo ilibidi ibadilishwe: mitihani saba ya maandishi, vipimo vya afya, barua za kuthibitisha barua nyingine. Miezi kumi na minne ilikwisha hivyo. Mwishowe shirika moja likamwita kwenye simuleta, chumba kinachoigiza ndege kubwa, ambamo rubani hupimwa na mtahini akiwa nyuma yake.

Alianguka mtihani ndani ya dakika arobaini.

Ndege za abiria huendeshwa na marubani wawili. Mmoja anarusha, mwingine anasoma orodha ya ukaguzi, anaongea redioni na kushika wenzo wa magurudumu akiagizwa. Injini moja ilipozimwa kwa makusudi, mikono ya Kapteni iliruka kila upande. Akarusha, akasoma, akaita redioni, akazima mafuta. Rubani mwenzake aliponyoosha mkono kusaidia, aliusukuma.

"Nilitua laini kabisa, nikageuka nikitabasamu," anasema akifunika uso kwa viganja. "Mtahini akaniambia, 'Ndege umeitua vizuri. Lakini mwenzako umemgeuza abiria. Rudi nyumbani.'"

Bosi wake wa zamani wa ng'ambo bado amemwekea nafasi yake, mwisho Ijumaa hii.

Akianguka tena, atarudi ng'ambo? anauliza mwandishi wa habari hii.

"Nitarudi. Sina kazi nyingine niijuayo."

Mzee, aliyekuwa akikunja taulo pembeni, anaendelea kukunja taulo lilelile ambalo tayari limekunjwa.

Yeye ndiye aliyegundua ugonjwa. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa utingo wa malori ya masafa marefu, na mpaka leo mtaani anaitwa Mzee Kabari. Kabari ni kile kipande cha mti ambacho utingo huruka nacho chini na kukisukuma nyuma ya gurudumu, lori likigoma mlimani.

"Siku aliyoanguka alirudi akalia hapo mlangoni," anakumbuka mzee. "Nikamwuliza, mama, lori likianza kurudi nyuma mlimani, dereva akaruka chini kuweka kabari mwenyewe, usukani kashika nani? Nikamwambia, wewe hujui kuendesha na utingo. Basi utingo ninaye mimi."

Kesho yake viti vikapangwa. Mzee hakuwahi kupanda ndege maishani, lakini orodha yote ameinakili kwa mkono wake, kwa herufi kubwa.

"Na kuna jambo linanichekesha," anasema. "Kwenye lori nilikaa kushoto nikiwa utingo. Kumbe kwenye ndege anayekaa kushoto ndiye kapteni! Nimepanda cheo uzeeni."

"Cheo cha mwiko," binti anamjibu.

Alhamisi anatoka nyumbani saa moja asubuhi, shati jeupe limenyooshwa na mzee mwenyewe. Mzee anashinda barazani. Redio haifungulii. Anafagia ua mara mbili.

Saa tisa na nusu lango linalia. Binti anaingia, anakaa kwenye ngazi, anavua viatu kwanza.

"Walinizimia injini tena," anasema. "Baba, mkono ulitaka kwenda. Nikaukalia."

"Umeukalia?"

"Kweli nimeukalia! Nikamwambia mwenzangu, 'Nisaidie.' Basi akasoma, akashika redio, mimi nikarusha tu. Sikujua kuna raha hiyo. Kuna mtu pembeni yako anayejua unachokifanya." Machozi yanamtoka. "Nimepita. Naanza kazi mwezi ujao."

Mzee anashika nguzo ya baraza, anaketi polepole kando ya mwanawe na kumfuta uso kwa pindo la shati lake.

Ataanza kama rubani msaidizi, kwa theluthi ya mshahara wa ng'ambo, akipokea amri za vijana aliowatangulia kuruka. Anasema hilo halimnyimi usingizi. Jioni hiyohiyo amempigia bosi wake wa zamani, akamshukuru, akamwambia kiti ampe mwingine.

Mpango wake wa kwanza ni kumpandisha baba yake ndege. Wafanyakazi hupewa tiketi za familia, na tayari amemchagulia kiti cha dirishani. Anamwambia hivyo mbele ya mwandishi, akitarajia shangwe.

"Mimi? Niende wapi?" mzee anauliza. "Hiyo tiketi mpe kaka yako. Mwanangu, miaka tisa kazi yangu ilikuwa kukusindikiza uwanjani na kurudi na teksi tupu. Sitaki kupanda. Nataka kukaa hapa nikijua kuna mtu anakuja."

Binti anaeleza kwamba ameshaomba apangiwe safari za kwenda na kurudi siku hiyohiyo, ingawa hajui kama mgeni kazini atasikilizwa.

"Watakusikiliza," anasema mzee. "Waambie baba yako hula saa mbili usiku. Na kula peke yake amechoka."