Pakiti Zilizochelewa

Biashara ya intaneti ilipofunguliwa kwa watu binafsi, mwenzangu nami tulikodi chumba Kaloleni, tukauza huduma ya intaneti na simu. Ruta za kiwandani, mashine za kuelekeza data, zilitushinda bei, tukatumia kompyuta ya kawaida yenye kore nne, yaani bongo nne za kufanya kazi. Si jambo gumu, nikueleze taratibu. Sauti ya simu ya intaneti hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Zichukulie kore kama makarani wanne wa kupitisha pakiti hizo. Ili asionewe mtu, tuliwagawia kwa zamu: hii yako, inayofuata ya jirani yako.

Mchana mmoja akaja mama wa Kichaga aliyeuza vitenge mlango wa pili. Mume wake alikuwa India, akingoja upasuaji wa moyo. Alitaka kumwambia mkewe kwamba akifa yeye, azikwe sehemu gani ya kihamba, shamba la ukoo. Bila neno lake, shemeji ndio wangeamua.

"Shikamoo, mama. Vaa hizi masikioni."

"Marahaba." Akasikiliza, uso ukambadilika. "Mbona anaongea kama yuko kisimani?"

Karani mmoja alikuwa amelemewa na mteja aliyepakua filamu. Pakiti zilizompitia zilichelewa kuliko za wenzake, na programu ya simu haingoji: iliyochelewa huitupa. Mwenzangu akabadili mpangilio, kila mazungumzo yawe na karani wake mmoja, pakiti zitoke kwa mfuatano. Sauti ya mumewe ikanyooka, hata mimi nikaisikia ikivuja masikioni mwake.

"...ndiyo hivyo, mama watoto. Nimeshasema, sasa moyo umetulia."

"Mwambie arudie," nikanong'ona.

Akafunika maikrofoni kwa kiganja. "Kwetu mgonjwa haulizwi kaburi mara mbili, mwanangu. Ni kumsukuma humo." Akaondoa kiganja. "Nimesikia, Baba. Pumzika."

Mumewe hakurudi akiwa hai. Shemeji walipouliza, mama alijibu bila kusita: "Karibu na mfereji, kando ya mama yake." Wakachimba hapo. Mimi nilisimama kwenye migomba, nikitazama chini.

Baada ya matanga mama alikuja dukani kwetu, akakaa kwenye kiti kilekile.

"Zile pakiti zilizotupwa, huwa zinakaa wapi?"

"Hazikai popote, mama. Zinafutika."

"Zote?"

"Zote."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto asiyeelewa. "Basi mbona nikifunga duka namsikia akizisema? Ila hazijipangi."