Wagiriki wa Mama Elsa

Kavira Elsa alifundisha Kifaransa mjini Beni, mashariki mwa Kongo, miaka thelathini na moja. Siku alipopokea barua ya kustaafu alirudi nyumbani, akavua viatu, akalala mpaka kesho yake mchana. Mume wake, Siméon, alidhani anaumwa. Hakuwa mgonjwa, alikuwa amefurahi tu.

Alizaliwa Butembo, kwa wazazi waliouza vitunguu. Kwa masista alisoma Kilatini na filosofia, wasichana wanne tu darasani. Padri mzee aliyewafundisha alikuwa na kitabu kinene cha Kifaransa chenye hadithi za Wagiriki wa zamani, na alipohamishwa alimwachia Elsa. Kitabu kilimfuata alipoolewa Beni. Vita vilipofika kilikimbizwa porini mara mbili ndani ya beseni la nguo, panya wakala kurasa za mwisho, lakini hadithi nyingi zilibaki.

Mwaka wa pili wa kustaafu, akina mama wa kanisa walimwomba awasaidie kusoma. Wengi wao walijifunza herufi wakiwa watu wazima, na karatasi walizopewa zilikuwa za kueleza kunawa mikono na kufunga chandarua. Walikuwa wamezichoka. Elsa akafikiria kile kitabu. Kila juma aliandika hadithi moja kwa Kiswahili, ukurasa mmoja kwa mkono wake, akaenda kutoa nakala, na Jumamosi saa nane mchana walikaa katika chumba cha nyuma ya kanisa wakisoma kwa zamu. Majina ya Wagiriki aliyaondoa yote, maana jina moja liliweza kumaliza robo saa. Aliandika tu "yule mfalme", "yule dada", "yule mwanaume wa safari".

Yule mwanaume wa safari ndiye aliyewashika kwanza. Alipomaliza vita alitumia miaka kumi njiani kurudi kwake. Elsa alidhani watashangaa, lakini hawakushangaa hata kidogo. Walimweleza kwamba toka Beni mpaka Butembo si hata kilometa sitini, na wao wenyewe walishapita huko kwa siku tatu, ikiwa mvua imenyesha au bunduki zimelia. Walichouliza ni mke wake aliyebaki nyumbani alikula nini miaka yote ile. Swali hilo Elsa hakuwahi kuulizwa kwa masista, wala yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza.

Wanaume nao walianza kuja. Wa kwanza alikuwa Gamaliel, fundi wa mbao kutoka Mavivi, aliyeitwa kutengeneza benchi la kile chumba. Alipiga misumari polepole ili asikie, na Jumamosi iliyofuata akarudi bila nyundo.

Basi mwezi wa tano Elsa aliandika hadithi ya ndugu wawili waliopigania mji na kuuana. Mfalme akaamuru mmoja azikwe kwa heshima, na mwingine aachwe nje, mtu asimguse. Dada yao akakataa. Akaenda peke yake, akachota udongo kwa mikono, akamfunika kaka yake. Mfalme akamkamata.

Ukurasa uliishia hapo. Wengine walicheka wakasema dada huyo bila shaka alikuwa Munande kama wao, kwa kichwa kigumu kile. Gamaliel hakucheka. Alisema mfalme hakuwa mtu mbaya, kwamba mwenye kulinda mji wakati mwingine anakataza jambo ambalo watu wanalitaka sana, na watu wanamchukia.

Jokébed, mama aliyeuza maharage sokoni, aliweka karatasi yake chini.

"Papa Gamaliel," alisema, "weye ulikuwa mu timu ya maziko wakati ya Ebola?"

"Ndiyo. Mwaka muzima."

"Mama yangu alikufaka ule mwaka. Batu ya kombinezo nyeupe, bamefunikwa mpaka macho, balikuya, balimubeba. Sikumuosha hata uso." Akasimama, akafunga kikwembe chake vizuri kiunoni, akatoka.

Siku hizo Elsa hakula vizuri. Alimwambia Siméon kwamba amefungua kidonda cha watu kwa hadithi ambayo hata si ya kwao, na kwamba afadhali arudi kwenye karatasi za chandarua. Siméon, ambaye maisha yake yote alilima kahawa na hakupenda maneno mengi, alimjibu kwamba hadithi imekatwa katikati, na mtu hawezi kuachwa katikati. Amalize kwanza, ndipo aache.

Elsa akaandika mwisho wa hadithi, akaubeba mwenyewe mpaka sokoni, akamwekea Jokébed juu ya gunia la maharage. Jumamosi Jokébed alikuja, akakaa karibu na mlango, na zamu ilipofika akaomba asome yeye. Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Mfalme aliambiwa kwamba amekosea, akageuza moyo, akakimbia kumzika yule maiti, kisha akakimbia kumfungua yule dada. Alimkuta amekufa.

"Alichelewa," Gamaliel alisema.

"Lakini alienda," alisema Jokébed. Kisha akamwuliza Gamaliel jambo ambalo, Elsa alielewa baadaye, alikuwa amelibeba miaka yote ile: ndani ya sanduku mama yake alikuwa namna gani, alitupwa tu kama kitu?

Gamaliel alisema ukweli, kwamba siku ile ya mama wa Jokébed yeye hakuwepo, timu zilikuwa nyingi. Lakini alijua kazi ilivyofanywa. Maiti haikuoshwa, ndiyo, iliwekwa ndani ya mfuko, kisha ndani ya sanduku. Waliomba familia nguo ya kuweka juu yake. Watu sita walilibeba polepole, na mmoja wao alitaja jina la marehemu kwa sauti kabla ya kumshusha. Yeye mwenyewe alitaja majina mia moja na zaidi.

"Tulipigwa mawe," alisema. "Na mimi nilikuwa nalia ndani ya ile masiki ya uso. Hakuna mutu alikuwa naona."

Jokébed alikumbuka kwamba kweli dada yake mdogo alitoa kikwembe cha kijani, na yeye alimgombeza kwa kuwapa wale watu kitu. Aliposema hivyo akaanza kulia, na mama aliyekaa karibu akamshika bega.

Baada ya majuma mawili walikwenda makaburini, watu kumi na mmoja. Gamaliel alikuwa ametengeneza msalaba wa mbao ngumu ya libuyu wenye jina kamili, maana pale palikuwa na namba tu, imefutika nusu. Jokébed alipiga magoti, akachota udongo kwa mikono miwili, akaumwaga juu, akausawazisha kama mtu anayetandika kitanda. Waliimba wimbo mmoja. Kisha wakaketi majanini wakala mikate na ndizi, na kwa mara ya kwanza Jokébed aliwasimulia jinsi mama yake alivyokuwa mkali kwa wanunuzi wa maharage, mpaka wote wakacheka.

"Wasingya, papa," alimwambia Gamaliel walipoagana. Asante ya Kinande, basi.

Leo wasomaji ni ishirini na wawili, na Elsa anaandika kurasa mbili kwa juma. Juzi alipita sokoni akamkuta Jokébed anawasimulia wauzaji wenzake hadithi ya yule dada, kwa Kinande. Mfalme amekuwa mwami, chifu wa kwao, mji umekuwa kilima, na mwami amefika mapema: msichana ametoka mzima, ameolewa, ana watoto wanne. Elsa alisikiliza mpaka mwisho, akanunua kilo mbili za maharage, akaenda kupika.